Bibi wa Kogelo

Mwezi huu twamkumbuka Bibi Sarah Obama wa Kogelo, katika Siaya, aliyefariki dunia tarehe 29 Machi 2021, umri wake miaka 99. Wengi walimjua kwa ajili ya mjukuu wake Barack, aliyekuwa Rais wa Marekani. Sisi twaikumbuka zaidi baiskeli yake.

Bibi huyu hakupata kusoma. Mwenyewe alisimulia ya kuwa barua zilimfikia, asiweze kuzisoma. Basi akampakia babaye Barack nyuma ya baiskeli, akampeleka shuleni Ngiya, mwendo wa maili sita, siku kwa siku. Nasi walimu huandika daftarini jina la mtoto; jina la aliyemleta hatuliandiki.

Tena mtoto yule hakumzaa yeye, alikuwa mwana wa mke mwenzake. (Katika hadithi zetu mama wa kambo hana sifa njema.)

Hata uzeeni aliwatafutia mayatima chakula, nguo za shule na karo. Alikuwa Mwislamu, akazikwa kwa taratibu za dini yake siku ya pili, huko huko Kogelo.