Kobe wa Logo na Shamba la Ngoro

Mwaka 1967, huko Marekani, Seymour Papert, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon walibuni Logo, lugha ya kuiamuru kompyuta iliyokusudiwa watoto. Baadaye lugha hiyo ilipata kobe wa kuchora. Mtoto humwagiza: nenda hatua 50, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara 4. Mraba umepatikana.

Maoni yetu ni kwamba somo hili halingoji kompyuta. Hapa Mapera mkulima wa ngoro hupanga nyasi kwa miraba, huzifukia kwa udongo, hurudia mteremko mzima. Walimu watarajiwa, mwanafunzi mmoja na awe kobe uwanjani, wenzake wamwamuru. Akipotea, asichekwe wala kuchapwa. Amri ndiyo isahihishwe. Kosa lililochunguzwa ni nusu ya somo.