Punguzo la Kadi ya Mafuta Halitakuokoa

Ukikaa na matajiri wadogo wa malori, wale wenye semi moja, mbili au tatu, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kadi za mafuta. Nani anatoa punguzo la shilingi ngapi kwa lita. Nani anaongeza ukivuka kiwango fulani cha lita kwa mwezi. Nani kampa fulani kadi ya mkopo bila kumdai dhamana ya benki. Watu wazima, wenye mali ya mamilioni iliyo barabarani usiku huu, wanabishania shilingi kumi hadi chai inapoa.

Imani yenyewe ni fupi: kadi nzuri ni ile yenye punguzo kubwa, na ukishaipata, suala la mafuta umelimaliza. Naipinga mwanzo hadi mwisho. Kwa mwenye magari machache, punguzo ni jambo dogo kuliko yote yaliyomo kwenye kadi, na aliyechagua kadi kwa kulitazama hilo tu amechagua akiwa amefumba macho.

Tupige hesabu. Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita kama 930. Semi iliyobeba tani thelathini, ikipanda Kitonga na kumaliza vilima vya Iringa na Mbeya, ikikupa kilomita mbili kwa lita mshukuru dereva wako. Ikirudi tupu ikakupa tatu, safari nzima imekula lita 775 hivi. Tufanye kadi yako inakupunguzia shilingi 30 kwa lita: umeokoa shilingi 23,250 kwenda na kurudi. Tufanye pia dizeli ni shilingi 2,800. Dumu moja la lita 20 likitoka kwenye tangi lako, shilingi 56,000 zimekwenda, yaani punguzo la safari mbili na zaidi. Weka punguzo la 50 ukipenda. Bado halifiki bei ya dumu. Na wala sijamtaja mwizi. Injini kubwa ikiunguruma gari likiwa limesimama hula lita mbili hadi tatu kwa saa, kwa hiyo dumu hilohilo linaweza kuchomwa kihalali kabisa katika usiku mmoja wa foleni ya mpakani, dereva amewasha kiyoyozi na amelala.

Punguzo lenyewe ni dogo kwa sababu zinazoeleweka. Bei kikomo hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji. Mafuta huingia nchini kwa mfumo wa uagizaji wa pamoja unaosimamiwa na wakala wa serikali, PBPA, kwa hiyo dizeli ya sheli yenye taa na nembo inayong'aa na ile ya sheli ya jirani yenye vumbi zinaweza kuwa zimeshuka kwenye meli moja. Kampuni ziko huru kushindana chini ya kikomo, ila nafasi iliyobaki ni nyembamba. Muuzaji wa kadi akikutajia punguzo, mwulize linakatwa kutoka bei ipi. Ukikatiwa 30 kutoka kwenye kikomo, huku sheli ya ng'ambo ya barabara inamuuzia kila mtu kwa 40 chini ya kikomo, kadi yako inakutoza shilingi 10 kwa lita na bado unajisifu kijiweni.

Kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni mahali unapojazia. Mafuta yakitoka bandarini hubebwa kwa malori, na nauli hiyo huingia kwenye bei, hivyo lita ya Mbeya au Tunduma kwa kawaida huwa juu ya ile ya Dar es Salaam kwa shilingi mia moja hivi. Zile lita 310 za kurudia ukizinunua Tunduma badala ya kutoka nazo Dar, umelipa kama shilingi 31,000 za ziada, na punguzo la safari nzima limemezwa hapo hapo. Bila shaka, kutoka nazo nako kuna masharti. Matangi yatoshe. Lita 310 za dizeli ni robo tani na ushee, na kama mzigo umekaa ukingoni mwa uzito unaoruhusiwa, mizani ya Vigwaza itakusubiri kabla hujafika popote. Hayo ndiyo ya kukokotoa usiku wa kuamkia safari. Lakini mwenye kadi anajazia pale kampuni ya kadi ilipo na sheli, hata kama hapo ndipo pa ghali kuliko pote njiani.

Najua simulizi za mapunguzo makubwa zinakotoka. Ndugu zetu Wakongo, Wakenya na Watanzania wanaoendesha malori Marekani hutusimulia kadi zinazowakatia senti 40 au 50 kwa galoni, na wanasema kweli. Huko hakuna bei kikomo. Kila kituo hujiandikia bei yake. Hata hivyo kuna mtego. Kodi ya mafuta ya majimbo hulipwa, kwa utaratibu wa IFTA, kulingana na maili ambazo lori limetembea katika kila jimbo, popote mafuta yaliponunuliwa. Bei ya chini ya pampu katika jimbo lenye kodi ndogo inaweza kuwa danganya toto, maana tofauti ya kodi utadaiwa mwisho wa robo mwaka. Kama huko penye mapunguzo ya kweli mtu hachagui kwa kutazama punguzo peke yake, sisi wa shilingi 30 tunakimbilia wapi?

Sasa nije kwenye sehemu inayouma, ile ya kwamba kadi inaziba wizi.

Kadi ina namba ya siri. Imefungwa kwa namba ya gari, haikubali petroli, ina kikomo cha lita kwa siku, na ikitumika tu simu ya tajiri inalia. Tajiri aliyeko Tabata anasoma ujumbe: lita 300, saa mbili usiku, Makambako. Analala kwa amani. Alichosoma ni kwamba lita 300 zimelipiwa. Pale kwenye pampu, lita 240 zimeingia kwenye tangi na 60 zimeingia kwenye madumu matatu yaliyopangwa upande wa pili wa tela, gizani, utingo akiwa amesimama kama anakagua tairi. Mhudumu kapata chake. Risiti imetoka kwenye pampu yenyewe, halali kabisa, na pampu haikudanganya hata tone, kwa maana lita 300 kweli zimetoka. Huo ni wizi wa sheli. Ule wa njiani hauhitaji hata kadi: mpira, dumu na dakika chache gari likiwa limeegeshwa. Kadi inalinda fedha, na fedha ikishageuka mafuta kadi haina habari nayo tena.

Kabla hatujawamaliza madereva, niseme na hili, najua litanipunguzia marafiki. Dereva aliyepewa posho ya siku nne, akakwama siku tisa mpakani, na tajiri hapokei simu, atakula nini? Mara nyingi atakula tangi. Nimewasikia matajiri wakijisifu jinsi walivyobana posho, kisha dakika hiyohiyo wakilalamika kuwa gari linakula mafuta kupita kiasi. Hakuna kampuni inayouza kadi ya kutibu hilo.

Dawa ni ya kizamani na haina nembo. Gari linajazwa hadi kwenye shingo ya tangi kabla ya kuondoka, odometa inaandikwa. Kila lita inayoongezwa njiani inaandikwa, na mahali pake. Gari likirudi linajazwa tena hadi shingoni, kwenye sheli ileile na ikiwezekana pampu ileile, odometa inaandikwa tena. Jumla ya lita zilizoongezwa tangu lilipoondoka ndizo zilizoliwa. Baada ya safari kadhaa za njia moja na mzigo wa aina moja utalijua gari lako: hili hukupa kilomita 2.1 kwa lita, lile 1.8. Hapo ndipo unapoanza kuuliza maswali yenye akili. Huenda ni dereva. Huenda pia ni nozeli zimechoka, turbo inavujisha upepo, breki zinashika bila kukanyagwa, au tairi za tela zinatembea na upepo nusu tangu mwezi uliopita. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui biashara inayothibitisha hilo kuliko hii ya malori.

Ubaya wa kadi, kwa jinsi tunavyoitumia, ni kwamba inamfanya tajiri aache daftari. Taarifa ya mwezi inafika imepangwa vizuri, ina safu na jumla, anaamini kazi imefanywa. Taarifa hiyo inaonyesha mafuta yaliyonunuliwa. Kilomita hazimo, au zimo zile alizotaja dereva pale pampuni, na mhudumu akazichapa kama alivyoambiwa.

Pointi za kukusanya na kubadilisha kwa fulana au kikombe nitazipita; anayechagua sheli ya kujazia semi kwa ajili ya kikombe hahitaji makala, anahitaji likizo.

Mtaji ndio unaopaswa kumnyima mtu usingizi. Tajiri mdogo mara nyingi hupewa kadi ya kulipia kwanza, kwa sababu kadi ya mkopo inataka dhamana. Maana yake fedha yako inakaa kwa kampuni ya mafuta ikikusubiri. Wakati huohuo mteja amekupa advansi tu, na balansi ataitoa hati za mzigo zikirudi, akipenda. Milioni mbili zilizolala kwenye kadi ni tairi ulizoahirisha kununua, na tairi iliyoahirishwa hupasuka mahali pa ghali. Ukifaulu kupata ya mkopo, usishangilie haraka. Ankara ya mafuta ina tarehe na balansi ya mteja haina. Zikipishana, kadi zinafungwa na gari linasimama njiani na mzigo wa watu, kisha unamtumia dereva fedha kwa simu, anunue popote kwa bei yoyote. Punguzo la mwaka mzima linaweza kuishia kwenye usiku mmoja wa namna hiyo.

Sisemi kadi itupwe. Kumwondolea dereva bunda la noti ni jambo jema, kwa usalama wake kwanza. Kumbukumbu ya wapi, lini na lita ngapi ni nzuri ikikaa pembeni ya daftari lako la kilomita, maana hapo viwili hivyo vinaulizana. Kwa kazi hizo mbili kadi inastahili nafasi, hata isiyo na punguzo kabisa.

Na kama punguzo ndilo unalolitaka kwa dhati, usilifuate peke yako. Kampuni ya mafuta inasikiliza lita. Mwenye magari mawili akigonga mlango atapewa kipeperushi; watu kumi wenye magari mawilimawili wakigonga pamoja, na hesabu ya lita zao za mwezi mkononi, wataitiwa meneja. TAMSTOA, chama cha wamiliki wa malori wa kati na wadogo, kipo, na hata bila chama majirani wa yadi moja wanaweza kukaa wakaandika barua moja. Ajabu ni kwamba tuko tayari kubishana mwaka mzima kadi ya nani ina shilingi kumi zaidi, lakini kununua pamoja hatutaki, kila mmoja anaogopa mwenzake atajua wateja wake.

Kwa hiyo muuzaji wa kadi akija kwako, mpe kiti na mwonyeshe njia zako. Akuonyeshe sheli zake ziko wapi kwenye njia hizo, na huuza kwa bei gani leo, punguzo likishakatwa, dhidi ya jirani zao. Mwulize ada ya kadi, ada ya mwezi, kinachotokea mashine ikikosa mtandao saa saba usiku, na siku ngapi hupita kabla ya salio kurudi ukiamua kuondoka. Asipokuwa na majibu ya hayo na bado anakurudisha kwenye shilingi 30, mmiminie chai ya mwisho na mwache aende zake.