Migongo ya Wapimaji wa Mito na Mikoko

Oktoba 2022, kina cha mto Ruvu kiliposhuka na Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji, kila mtu mjini alitaka kujua takwimu za mto huo. Hapana aliyeuliza takwimu hizo huletwa kwa mgongo wa nani.

Ruvu hupimwa kwenye daraja la barabara ya Morogoro. Wami hupimwa Mandera. Maji yanapojaa, mpimaji hushusha kipande kizito cha risasi ili chombo chake kisichukuliwe na mkondo, hukipandisha, husogea hatua chache, hurudia, hadi avuke mto mzima. Mchukua sampuli naye ana mzigo wake: lita moja ya maji ni kilo moja, na chupa 20 za lita moja ni kilo 20 kabla ya kuhesabu sanduku na barafu.

Lakini taabu hasa iko katika mikoko, ya Kaole na ile ya mlango wa Ruvu. Mpimaji husubiri maji yakupwe, na akisha kuingia hana muda wa kupumzika, kwani bahari itarudi. Mguu huzama matopeni hadi gotini, hung'olewa, huzama tena. Miti mingine hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenye mizizi mirefu hupimwa juu ya mizizi hiyo, basi sharti aipande akiwa na begi mgongoni, kisha ashuke ainame kuhesabu miche. Mtu akiinama na mzigo ukiwa mbali na kiwiliwili, pingili za kiuno hukandamizwa kwa nguvu inayopita mno uzito wa mzigo wenyewe. Hilo si deko.

Wapo wakubwa watakaosema kwamba mvuvi na mchukuzi wa chumvi hutaabika zaidi. Yawezekana. Lakini mpimaji ametumwa na ofisi, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 yaitaka ofisi hiyo ilinde afya yake. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 nayo inatambua magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Tatizo ni kwamba mgongo hauvunjiki siku moja kama mguu. Huharibika kidogo kidogo, na mtu wa miaka 40 huambiwa kwamba ni uzee. Kibarua wa kijijini, aliyechukuliwa kwa siku tatu, hana hata pa kulalamikia.

Na takwimu nazo huumia, maana mwenye maumivu hupima vituo vitatu mahali pa vitano, na vilivyobaki hukisia.

Bajeti inayonunua chombo cha kupimia ishindweje kukodi mtumbwi wa kupitisha mizigo, kuongeza mtu wa tatu wa kupokezana, au kununua chupa ndogo pale maabara inaporidhika nazo? Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Ofisi itakayojitetea kwa kiwango hicho na imtume mhasibu wake akaibebe nusu yake matopeni Kaole.