Ngano Haziuawi kwa Kuvishwa Nguo Mpya

Imeenea katika nchi za nje desturi ya kuzichukua ngano za kale na kuzisimulia upya kwa vijana kana kwamba zimetokea katika zama zijazo, zama za roboti na vyombo vya angani. Wako wazee wetu wanaoiona desturi hiyo kuwa ni upotofu. Mwacha asili ni mtumwa, husema. Sisi tunaiheshimu hofu yao, lakini hatuafikiani nao.

Mfano mashuhuri ni vitabu vinne vya mwandishi wa Marekani, Marissa Meyer, vilivyotolewa baina ya mwaka 2012 na 2015. Katika cha kwanza, Cinder, yule binti anayeteswa na mama wa kambo, ambaye Mfaransa Charles Perrault alimwandika mwaka 1697, amekuwa fundi wa mitambo katika mji uitwao Beijing Mpya. Sehemu ya mwili wake ni mashine, na kwa sheria za huko yeye ni mali ya mlezi wake. Akimbiapo kutoka katika dhifa ya mfalme hapotezi kiatu cha kioo, bali mguu wenyewe wa chuma. Katika kitabu cha tatu, msichana ambaye ngano ya Wajerumani ilimfunga mnarani amefungwa ndani ya setilaiti. Vyombo vimebadilika, lakini dhuluma ni ile ile, na kijana asomaye hulazimika kujiuliza ni nani anayehesabiwa kuwa mtu.

Wala jambo hili si geni. Kisa cha binti wa namna hiyo kiliandikwa China katika karne ya 9, miaka mingi kabla ya Perrault. Ngano husafiri kama jahazi, na kila bandari hupakua kitu na kupakia kingine.

Nasi visiwani tunazo zetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mjini London hadithi alizosimuliwa hapa Unguja, na mojawapo ni ile ya Sultani Darai. Hamdani, maskini aliyekuwa akipekua jaani, alimnunua paa kwa thumuni. Paa yule akamwoza binti wa sultani, akamwua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la fahari. Paa alipougua, Hamdani alimfanyia ubahili hata wa uji, na alipokufa akatupwa kisimani. Mwishowe Hamdani alijikuta tena jaani.

Je, hakuna kijana wa Micheweni au Makunduchi awezaye kumfanya paa huyo kuwa roboti mwaminifu, anayemtajirisha bwana wake kisha akatupwa anapochakaa? Funzo la kutosahau fadhila litabaki pale pale. Lakini likiondolewa funzo hilo ukabaki mng'aro wa mitambo tu, hapo ndipo wazee watakapokuwa na haki ya kulalamika.

Kwa maoni yetu, adui wa ngano ni ukimya. Mtoto asiyemjua Hamdani hawezi kumsimulia upya, naye atabaki kuwa msomaji wa ndoto za wengine.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa elimu, pamoja na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, walitazame jambo hili. Ngano zilizo vinywani mwa wazee wa Unguja na Pemba zirikodiwe wangali hai. Wanafunzi wa skuli washindanishwe kuziandika upya kwa Kiswahili fasaha, na zilizo bora zichapishwe na kufikishwa katika kila maktaba ya skuli. Fedha zitakazotumika haziwezi kulingana na hasara ya kuzipoteza.

Wazazi nao wana wajibu wao, usiku, kabla watoto hawajalala. Asiyefundishwa leo kuitikia "pakawa" hataweza kesho kuwaambia wanawe "paukwa".