Seva ya Vipimo Haihitaji Nambari Yako ya Simu

Umemtumia mtoto aliye shuleni Eldoret pesa za fare. Salio lako limepungua, lakini yeye anasema hajaona kitu. Unatupigia, na swali la kwanza ni, "Ulituma saa ngapi?" Wengi hukasirika hapo. Pesa hazionekani na huyu anauliza saa!

Tunauliza kwa sababu nyuma ya huduma kama yetu kuna seva yenye kazi moja tu: kuandika vipimo pamoja na saa yake. Miamala mingapi imepita, mingapi imekwama, imechukua sekunde ngapi. Hilo si daftari la pesa zako. Daftari liko kwingine. Hii ni kama mita ya stima: inajua umeme umetumika, haijui nani amewasha pasi.

Programu moja maarufu ya kazi hii ni Prometheus, ya bure, iliyoanzia kampuni ya SoundCloud mwaka 2012. Kuisakinisha si kazi ngumu. Fundi anaipakua, anaandika faili moja ya mipangilio kuieleza ichukue vipimo wapi na kila baada ya muda gani, anaiwasha, anaifungua kwenye poti 9090. Chai bado haijapoa. Wengi huishia hapo, na kwa maoni yetu hapo ndipo kazi inaanza.

Kwanza, isipopangiwa ulinzi haimwulizi mtu nenosiri. Pili, isipoambiwa vingine huweka data kwa siku 15 kisha inafuta. Ukilalamika baada ya wiki tatu, muamala wako bado uko kwenye daftari, lakini picha ya jinsi mitambo ilivyokuwa jioni ile imeenda. Halafu kuna saa yenyewe: inahifadhi saa ya UTC, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Saa mbili usiku yako, kwake ni 17:00. Ongeza saa yetu ya Kiswahili hapo uone mhudumu anavyokuna kichwa.

Lakini tunaloshikilia zaidi ni hili: nambari ya simu ya mteja isiingie humo kabisa. Kishawishi kipo, maana ingekuwa rahisi kumtafuta mteja mmoja mmoja. Ila kila nambari mpya hufungua mfululizo mpya wa data, kumbukumbu ya seva inajaa, na seva inaweza kuanguka mwisho wa mwezi, siku ile ile mnayotuhitaji. Hiyo ni sababu ya mafundi. Yetu ni kwamba grafu hizi hutazamwa na watu wengi, pengine kwenye skrini kubwa ukutani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data ya mtu ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu.

Ndiyo, mhudumu atalazimika kufungua skrini mbili badala ya moja, na wewe utangoja kidogo. Tuko tayari kulaumiwa kwa hilo.

Kwa hivyo ukitupigia, kuwa na meseji ya muamala karibu na useme ni asubuhi au usiku. Na tafadhali usitume tena kabla hatujaangalia. Huenda ya kwanza iko kwenye foleni tu, na zote mbili zitafika.