SOMO LISIKWAME NJIANI

Mtoto wa Pujini anayejifunza hesabu kwa video ya simu hununua kifurushi kwa shilingi zile zile za mtoto wa mjini. Mbona somo lake hukwama? Wengi hulaumu mnara peke yake. Hiyo ni nusu ya kweli.

Video haina uzito mmoja. Mwalimu akisimama mbele ya ubao, picha haibadiliki sana na data yake ni ndogo. Ikija picha ya mpira au ngoma, uzito hupanda ghafula. Njia ya mnara nayo hufinyika kila watumiaji wanapozidi. Mzigo mzito ukikutana na njia nyembamba, picha husimama.

Dawa ipo. Maji ya bomba yakija kwa kusita, mwenye mtungi uliojaa hana wasiwasi. Simu nayo huweka akiba ya sekunde zijazo kabla ya kuzionyesha. Tena utaratibu wa kimataifa uitwao MPEG-DASH, uliotolewa mwaka 2012, huikata video vipande vya sekunde chache, kila kipande kwa viwango mbalimbali vya ubora. Njia ikifinyika, simu huchukua kipande chepesi, na somo huendelea.

Basi twawaambia waziwazi wanaotoa masomo ya video: wekeni kiwango chepesi, tena sauti isikike vyema hata picha ikififia. Minara tutaidai, na tusichoke. Lakini somo lililopimwa kwa njia ya mjini tu humfungia mlango mtoto wa shamba. Elimu ni haki, si fadhila.