Kuisukuma baiskeli mlimani si aibu

Wikendi wakazi wengi wa Nairobi humiminika Naivasha kula samaki na nyama choma. Si vibaya, ila wengi wao hutoka kitini na kurudi kitini. Karibu na ziwa hilo iko Mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka wa 1984, mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kuendesha baiskeli miongoni mwa pundamilia na twiga. Baiskeli za kukodi zinapatikana.

Tatizo ni mashindano. Mtu aliyeketi ofisini mwaka mzima, pengine ana shinikizo la damu asilolijua, hutaka kuvipanda vilima vile sawa na kijana wa miaka 20! Eneo hilo liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua la adhuhuri ni kali. Ukihema hata huwezi kuzungumza, shuka usukume. Ukihisi maumivu kifuani, acha kabisa, umwone daktari upesi.

Kabla ya kulipa, jaribu breki zote mbili, kwani mteremko ndio huvunja watu mifupa. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatakuuma. Beba maji.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Kwa hivyo anza mtaani kwako miezi miwili kabla ya safari, Jumapili asubuhi, matatu zikiwa chache.